Ukifungasha kwa Safari ya Bwindi, Anza na Usafi wa Nguo

Ushauri mwingi wanaopewa watu wanaojiandaa kwenda kuwaona sokwe wa milimani katika msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, humfikiria msafiri peke yake: asilowe, asichubuke miguu, apendeze pichani. Kwa maoni yangu, swali la kwanza linapaswa kuwa kama kila kinachoingia begini ni kisafi, kwa maana tunakwenda kwa wanyama wanaoambukizwa maradhi yetu kwa urahisi mno.

Mwaka 1996 upele uliingia katika kundi moja la sokwe wa Bwindi waliokwisha kuzoeshwa watu. Walinyonyoka manyoya, ngozi zao zikaharibika, na mtoto mmoja akafa. Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa wanyamapori aliyeshughulikia mlipuko huo, aliuhusisha na binadamu, kwani sokwe walikuwa wakitoka msituni na kuingia mashambani, ambako waliweza kugusa matambara machafu yaliyovikwa sanamu za kufukuzia wanyama. Tambara tu lilitosha kutiliwa shaka! Ndiyo maana sioni tabu kusisitiza kwamba suruali, soksi, kofia na glavu zifuliwe, zianikwe juani hadi zikauke kabisa na kupigwa pasi, na kwamba buti zisuguliwe kwa brashi mpaka tope la safari iliyopita liishe kwenye soli. Wengi wetu tutanunua vifaa hivyo mtumba, katika soko la Gikomba jijini Nairobi au la Owino jijini Kampala, na hapana ubaya wowote, kwa kuwa mtumba mzuri huvishinda vitu vipya vya bei ghali. Lakini nguo ya mtumba isivaliwe msituni kabla ya kufuliwa.

Baada ya usafi ndipo tuzungumzie msitu wenyewe. Bwindi iko kati ya mita 1,160 na 2,607 kutoka usawa wa bahari, asubuhi zake ni za baridi, na mvua inaweza kunyesha hata katika miezi inayoitwa ya kiangazi, kwa hiyo koti jepesi la mvua halikosekani. Jinzi ziachwe nyumbani, kwa sababu zikilowa huwa nzito na hazikauki. Suruali ndefu ya kitambaa kigumu kinachokauka upesi ndiyo inayofaa, na pindo zake zichomekwe ndani ya soksi ndefu, maana siafu wakishapanda mguuni huweza kufika na kuuma mahali ambapo huwezi kuwatoa bila kuvua nguo. Glavu za bustani ni za lazima pia: mteremko ukiteleza, mkono hushika mmea wowote ulio karibu, na mara nyingi huwa ni ule wenye vijinywele vinavyochoma kama upupu. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi usizibebe kabisa, kwani nchini Uganda raia hawaruhusiwi kuzivaa.

Begi la mgongoni libebe maji, chakula cha mchana na kitakasa mikono, kisha umkabidhi mpagazi. Wapo vijana wenye nguvu ambao huona haya kumchukua mpagazi, na hapo sikubaliani nao, kwani ujira huo huwafikia moja kwa moja watu wanaoishi kando ya hifadhi, na mkono wa mpagazi ndio utakaokuvuta kwenye mlima mkali.

Barakoa zisiwe chini ya tatu, zikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ile utakayoivaa wakati wa kupanda italowa jasho kabla hujafika, nayo barakoa iliyolowa haizuii vizuri. Vaa iliyo kavu pale mwongozaji atakaposema sokwe wamekaribia, uivae hadi juu ya pua, na usiivue katika saa nzima mtakayokaa nao, hata kwa ajili ya picha, kwa sababu umbali uliowekwa kati ya wageni na sokwe tunauheshimu sisi tu. Watoto wa sokwe hawaujui, na wakivutiwa huja wenyewe.