Nimenyolewa upande mmoja na wala sijapigana na mtu

Jamani naandika hii nikiwa na kofia kichwani ndani ya nyumba, joto hili la Mombasa mwalijua, jasho lashuka mpaka kidevuni na kofia siivui. Siivui! Mke wangu keshacheka mpaka kaketi chini, sasa yuko kwa simu na dadake na nasikia jina langu latajwa.

Lakini wacha nianze na hili. Watu wa huku mnanivunjia heshima kwa sababu napenda mieleka ya barakoa. Na si ile kubwa ya mataa na fataki. Mie naongea ile ya chini kwa chini, ukumbi mdogo, viti vya plastiki, watu wamebanana, jamaa anarushwa nje ya ulingo anaangukia mapajani kwa bibi ya watu na bibi anamchapa na mkoba. Kulikuwa na kundi moja la mieleka kule Philadelphia, Marekani, laitwa Chikara, lilianza 2002, lilikuwa na wanamieleka waliovaa kama siafu. Siafu, ndio, na wengine wawili walikuwa aiskrimu. Mtu mzima, pengine ana watoto na ada za shule, anapanda ulingoni yeye ni aiskrimu na anapiga watu mateke. Sasa nisipoangalia hiyo niangalie nini, taarifa ya habari?

Halafu waja. Shemeji, jirani, dereva wa tuktuk, wote na maneno yaleyale, "Ah, si ni maigizo tu hayo." Najua! Kwani nani amewatuma kuniambia? Bi harusi akilia mbele ya kamera mbona hamumwendei mkamnong'oneza kwamba aigiza?

Kule Mexico barakoa ni heshima ya mtu, bwana. Ukimvua mwenzio na refa akuone, umeshindwa hapohapo. Na kuna mechi za kuwekeana, barakoa kwa barakoa au barakoa kwa nywele, anayeshindwa anavuliwa mbele ya watu ama ananyolewa papo hapo ulingoni. El Santo, mwanamieleka mkubwa wa hukohuko, aliivaa ile yake ya rangi ya fedha mwaka 1942, 1952 akamvua mpinzani wake Black Shadow, yeye mwenyewe hakuvuliwa na mtu mpaka akastaafu. Mwaka 1984 akaonyesha uso kidogo tu kwa tivi, siku chache baadaye akafa, akazikwa nayo. Mtu kazikwa na barakoa yake, mie kofia ya saa tatu yanitoa roho.

Sasa kinyozi. Kesho kuna harusi upande wa mke wangu na mie niko kwenye kamati ya kupokea wageni, mtu wa mbele, mtu wa kuonekana. Nikaenda kwa kinyozi wangu hapa Kisauni mapema nimalize. Tivi yake ilikuwa inaonyesha miziki, nikamwambia niunganishie simu nikuonyeshe watu. Nikaweka mechi ya barakoa kwa nywele. Kosa la nani? La tivi kuwa pale.

Dakika tano duka limejaa. Mzee wa kahawa aliyekuwa anapita kaweka dele chini, vikombe kavishika mkononi hata kuvigonga kasahau. Vijana wawili waliokuwa wanangoja zamu wanapiga kelele "siksi wan naini!", lile pigo la Rey Mysterio, yule wa barakoa wa mieleka mikubwa ya tivi, na huyo siye Rey Mysterio, wallahi siye, nimewaeleza, lakini kwao kila mwenye barakoa ni Rey Mysterio.

"Huyu wa nywele hana adabu," mzee akasema. "Na akishindwa hawezi kukimbia?"

"Hawezi babu, ni ahadi."

"Ahadi na nani?"

"Na watu."

Mzee akafikiri. "Huku angekimbia."

Basi wa nywele akabanwa chini, refa akahesabu moja, mbili, tatu, kwisha. Wakamketisha kwa kiti katikati ya ulingo, nywele mpaka mabegani, analia, na mtu akaja na mashine. Hapo ndipo kinyozi wangu, ambaye mechi nzima alikuwa kimya, akapandwa na mori.

"Hiyo mashine haina mafuta! Sikia inavyolia!"

"Utaisikiaje na ukumbi wote wapiga kelele?"

"Ami, mie mashine naijua hata nikiwa usingizini. Na mbona kaanzia mbele? Nani huanzia mbele? Huanzia hivi, waona, nyuma, wapanda nayo taratibu..."

Na kweli akawa anapanda nayo, kwa kichwa changu! Yule wa kwenye tivi ananyolewa, mie nanyolewa, wote twaenda sambamba, vijana wanashangilia sijui nani. Tukafika katikati, yeye na mie.

Tu! Tivi nyeusi, feni kimya, mashine imenyamaza juu ya utosi wangu. Tokeni zimeisha.

Sasa ile mita ni ya watu watatu, kinyozi, mama wa cherehani na kijana wa juisi. Kinyozi akatoka nje. Mama wa cherehani akasema yeye alinunua za mia mbili juzi na cherehani yake ni ya miguu. Kijana wa juisi akasema ati friji halili stima. Friji! Halili stima! Nimekaa pale na shuka shingoni, upande mmoja Jordan, upande mmoja msitu, nasikiliza watu wazima wanajadili chakula cha friji. Nikasema basi wacha ninunue mie. Nikatuma hela, meseji ikachelewa, ikaja, namba ishirini nzima, nikazisoma moja moja kwa sauti, na kile kidude cha kuingizia hakiwaki. Betri zilitolewa zikawekwa kwa rimoti ya tivi. Tukazitoa kwa rimoti. Nazo zimekufa. Dukani betri hakuna. Duka gani hilo halina betri lina aina saba za biskuti? Yaani hii nchi, kila kitu kipo lakini kimoja kimekosekana na ndicho hichohicho unachotaka, kila siku, tutakaa hivi mpaka lini?

"Ami rudi jioni," kinyozi ananiambia. "Kwa sasa nipe hamsini tu, maana ni nusu."

Nikampa! Heshima ilikuwa imeniishia, ningebishana na nini?

Kondakta wa matatu kaniita mzee, nilipogeuka akaniita kijana. Jioni nimerudi, duka limefungwa. Na sasa nimeambiwa kofia hii yenyewe kesho haifai, mashemeji wote wavaa zile za kushonwa kwa mkono na mie yangu ni ya mashine, kwa hivyo ninunue nyingine, na ile ya mkono wajua bei yake? Ile ni ada ya muhula ile. Na kanzu haijafuliwa kwa sababu maji hayajatoka wiki hii, halafu... subiri, wa mkokoteni huyo apita. Wewe! Wa maji! Jerikeni ngapi leo? Ngapi? Jana si ilikuwa ishirini?