Chemchemi ya uani wakati wa mgao wa maji

Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua kwa ukame na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, lawama ya kwanza niliyoisikia mtaani kwetu iliangukia nyumba moja yenye chemchemi ya mapambo uani, beseni la mawe ambalo pampu hurusha maji yake juu. Sisi tunahangaika na madumu, wao wanachezea maji.

Hasira hiyo naielewa. Aliyekesha akisubiri bomba litoe hawezi kuona maji yakirukaruka kwenye beseni la mawe asiumie. Lakini hesabu inasema jingine. Pampu huzungusha maji yaleyale, na kinachopotea ni kile kinachokaushwa na jua au kurushwa na upepo. Tukikadiria milimita 5 kwa siku kwa jua la Pwani, beseni la mita 4 za mraba hupoteza lita 20, yaani dumu moja. Ukoka wa mita 100 za mraba, kwa kipimo hichohicho, unataka lita 500 kila siku ya kiangazi ili ubaki kijani. Ukoka haumkeri mpita njia, kwa kuwa unakunywa kimyakimya.

Wanaozipinga chemchemi wangeshika hoja ya mbu wangekuwa na nguvu zaidi. Aedes, mbu wa dengue, huzaliana kwenye maji yaliyotuama karibu na watu, na Dar es Salaam ilisumbuliwa na dengue 2014 na tena 2019. Maji yanayotikisika hayawafai viluwiluwi. Pampu ikiungua na beseni likaachwa, siku kumi zinatosha kutoa mbu wazima. Perege wadogo watawala viluwiluwi, ila nao wanahitaji mtu wa kuwatunza. Tatizo jingine ni maji ya visima vya karibu na bahari: mara nyingi yana chumvi, na kila yanapokauka ukajaziliza, chumvi inazidi, mawe yanashika utando mweupe na pampu inaziba.

Wauzaji nao husifu ubaridi. Hapo nasita. Maji hupoza hewa yanapogeuka mvuke, na hewa yetu ya Pwani tayari imejaa unyevu. Dodoma, kwenye hewa kavu, ubaridi huo ungeonekana wazi. Pwani unachokipata hasa ni sauti, na sauti ya maji jioni baada ya foleni si kitu kidogo. Nisingemcheka anayeilipia.

Kinachonisumbua kuliko chemchemi ni mawe yanayoizunguka. Mafundi wengi humwaga zege, wakabandika mawe juu yake, wakafunga kila upenyo kwa saruji. Ua unapendeza, halafu mvua za masika zinakuja: maji hayana pa kuzama, yanakimbilia kwa jirani aliye bondeni, na mchana mawe hayo yanachoma nyayo. Jiwe lilelile likilazwa juu ya mchanga na kokoto, nafasi zikiachwa kati ya jiwe na jiwe, mvua inapenya hadi kwenye mizizi. Gharama haipandi, ila fundi atapinga kwanza, atakwambia magugu yataota. Yataota kweli, utayang'oa.

Oman, nchi yenye mvua haba kuliko yetu, mifereji ya falaj imelisha bustani kwa karne nyingi; mitano iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji yakifika kijijini huanza mahali pa kuchota ya kunywa, hufuata msikiti na sehemu za kuogea, kisha ndipo mitende. Zanzibar, Sultani Barghash, aliyejijengea kasri la Maruhubi lenye mabwawa ya mayungiyungi, ndiye pia aliyeyaleta mjini maji ya Chemchem, chemchemi ya asili nje ya mji.

Kwa hiyo mimi niko upande wa chemchemi, mradi ije mwisho kwenye foleni. Gata lilishe tenki kutoka kwenye bati, tenki lihudumie jikoni na choo, na beseni lijazwe na kinachofurika. Kiangazi kikikaza na tenki likashuka chini ya nusu, pampu izimwe, beseni likaushwe kabisa, na yale maji yamwagiliwe mpapai.