Mganga hajigangi: wahudumu wa afya Waaborijini na vita dhidi ya sigara

Waswahili husema mganga hajigangi. Huko Australia wenyewe hawaujui msemo huu, lakini unagusa moyo wa mjadala ambao wameuendesha kwa miaka mingi: je, mhudumu wa afya Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa nchi hiyo, anayevuta sigara ndiye wa kukabidhiwa kazi ya kuwaachisha ndugu zake sigara? Na kama ndiye, asaidiwe vipi?

Kazi ya mhudumu huyu inafanana sana na ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunaowafahamu, ingawa cheo chake kimeimarika zaidi kisheria. Eneo la Northern Territory lilianza kuwasajili watu wa kazi hii mwaka 1985, na tangu 2012 wale wenye sifa kamili husajiliwa kitaifa chini ya mamlaka ile ile inayosimamia madaktari na wauguzi. Anapima presha na sukari. Anamfafanulia bibi kizee alichokisema daktari, kisha anapanda gari kumfuata aliyekosa miadi ya kliniki. Jioni anarudi kulala kati ya watu wale wale aliowahudumia mchana, na wengi wao ni shangazi zake, binamu zake, watoto wa kaka zake.

Mwaka 2012 na 2013 ulifanyika utafiti mkubwa katika vituo vya afya vinavyomilikiwa na jamii za Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, kaskazini mwa Australia. Walihojiwa wanajamii zaidi ya 2,500, pamoja na wafanyakazi zaidi ya 600 wa vituo hivyo. Wafanyakazi Waaborijini walionekana kuvuta sigara kwa kiwango kilicho chini kidogo tu ya watu wengine wa jamii zao wenye ajira. Joho la kliniki halikuwa limewakinga.

Suala lenyewe ni zito kuliko linavyosikika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia waliofuatilia watu wazima Waaborijini wa jimbo la New South Wales waliandika mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya vifo vya wenye umri wa miaka 45 na kuendelea vilitokana na sigara. Na katika nchi ambayo watu wake huishi maisha marefu sana, makadirio ya 2020 hadi 2022 yanaonyesha kuwa mwanaume wa jamii hizi huishi pungufu ya wenzake kwa miaka 8.8 na mwanamke kwa miaka 8.1. Si sigara peke yake iliyoleta pengo hilo, lakini mchango wake ni mkubwa.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu anayeanza hadithi hii na takwimu za leo huishia kuwalaumu wavutaji. Nikotini si ngeni kwa Waaborijini. Watu wa majangwa ya kati walitafuna majani ya pituri na ya tumbaku pori yaliyochanganywa na majivu, jambo ambalo mtu aliyewahi kumwona babu yake akichanganya tumbaku na magadi atalielewa mara moja. Pwani ya kaskazini, tumbaku ya kuvuta ililetwa na mabaharia wa Makassar, Indonesia ya leo, waliokuja kutafuta jongoo bahari wa kuwauzia Wachina, karne moja au zaidi kabla ya walowezi kujikita huko. (Jongoo bahari huyu huyu amepitia pia mikononi mwa wavuvi wetu. Bahari ni moja.) Lakini kutafuna majani ya msimu au kupokezana kiko kirefu ni jambo moja, na kilichokuja baadaye ni jambo lingine. Kwenye mashamba makubwa ya ng'ombe na katika vituo vya misheni, Waaborijini walifanya kazi kwa posho ya unga, sukari, majani ya chai na tumbaku. Uraibu ukawa sehemu ya ujira, kwani mtu mwenye kiu ya tumbaku haondoki kirahisi shambani kwa bwana anayeigawa. Mwaka 1966 Wagurindji, jamii ya Waaborijini waliofanya kazi katika shamba la ng'ombe la Wave Hill, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waligoma na kuondoka shambani, na mfumo huo wa posho ulikuwa bado uko katika kumbukumbu hai. Watoto wa watu wale ndio wazee wa leo.

Kwa historia hiyo, afisa wa serikali anapofika kijijini na bango la mapafu meusi, anazungumza kwa niaba ya dola iliyoigawa tumbaku yenyewe. Ndiyo maana Waaborijini walianza kujenga vituo vyao wenyewe, cha kwanza kikiwa Redfern, Sydney, mwaka 1971. Leo viko zaidi ya 140.

Wanaounga mkono kumwekezea mhudumu wanaanzia hapo. Hoja yao ni kwamba katika jamii hizi ujumbe hupokewa au hukataliwa kwa kuangalia nani kauleta. Sigara hugawanwa kati ya ndugu, na kumnyima binamu kipande cha sigara ni kama kumnyima undugu. Mtu wa nje hawezi kuingilia mazoea hayo bila kuonekana anaingilia familia, lakini shangazi mwenye mamlaka yake anaweza.

Wana ushahidi pia, ingawa ni wa kuhesabika. Huko Kimberley, magharibi mwa Australia, lilifanyika jaribio ambalo wahudumu Waaborijini walikaa na mvutaji mmoja mmoja na kumfuatilia mara kwa mara kwa mwaka mzima. Mwishoni, asilimia 11 ya waliofuatiliwa hivyo walikuwa wameacha na kuthibitishwa kwa vipimo, dhidi ya asilimia 5 ya waliopata huduma ya kawaida. Ni zaidi ya mara mbili, lakini washiriki walikuwa wachache mno kiasi kwamba kitakwimu tofauti hiyo ingeweza kuwa bahati tu. Dakta Sandra Eades, Mwaborijini wa jamii ya Wanoongar na mtafiti anayeheshimika sana, alikuwa amekutana na ukuta huo huo mwaka 2012 alipotoa matokeo ya jaribio lake kwa wanawake wajawazito: asilimia 89 ya waliopewa msaada wa ziada walikuwa bado wanavuta mimba ilipokaribia kukamilika, dhidi ya asilimia 95 ya wenzao. Majaribio mawili, yote yakielekea upande mmoja, na hakuna lililotosha kusimama peke yake. Watafiti walipoyajumlisha, dalili ikawa kwamba msaada wa karibu unafaa.

Mimi nazisoma namba hizo kwa macho mawili. Upande mmoja, kuongeza waliofanikiwa mara mbili si jambo dogo. Upande wa pili, baada ya mwaka mzima wa kazi ya subira, tisa kati ya kumi bado wanavuta. Mhudumu anayeishi na hao tisa, akiwaona msibani na mpirani, anahitaji moyo wa chuma asijione ameshindwa.

Wanaopinga, au tuseme wanaotilia shaka, hawasemi kwamba wahudumu hawafai. Wanachouliza ni kama fedha ziende huko. Australia imepandisha ushuru wa tumbaku bila huruma: asilimia 25 kwa mkupuo mmoja mwaka 2010, kisha asilimia 12.5 kila mwaka kuanzia 2013 hadi 2020, juu ya nyongeza za kawaida. Desemba 2012 ikawa nchi ya kwanza duniani kuzivua pakiti za sigara nembo na rangi za kampuni. Leo pakiti moja inaweza kuzidi dola 40 za huko. Katika kipindi hicho hicho uvutaji wa kila siku miongoni mwa Waaborijini na watu wa Torres Strait wenye miaka 15 na kuendelea ulishuka kutoka karibu nusu mwaka 2002 hadi asilimia 37 mwaka 2018–19, na asilimia 29 mwaka 2022–23. Nani ajivunie kushuka huko, mtoza ushuru au shangazi wa kliniki? Hakuna anayeweza kutenganisha kwa uhakika, na mtu anayedai anaweza, mwulize maswali mawili matatu ya ziada.

Hoja hii ya ushuru ina nguvu na sitaibeza. Ina doa lake pia: ushuru humbana zaidi asiye na kitu. Mwenye kipato akishindwa kuacha hulipa na kusahau. Katika makazi ya mbali, ambako uvutaji ndio uko juu zaidi na chakula dukani ni ghali, fedha ya sigara hutoka kwenye chungu cha watoto. Tena ushuru umeneemesha soko la magendo, na tangu 2023 Melbourne imeshuhudia maduka ya tumbaku yakichomwa moto katika ugomvi wa magenge. Bei humfanya mtu atamani kuacha. Haimwonyeshi njia ya kuacha, wala haimkalii karibu usiku wa tatu anapotetemeka.

Hoja ya pili ya wanaotilia shaka ndiyo inayonigusa zaidi. Wanasema mhudumu tayari ana mizigo: kisukari, figo, chanjo, wajawazito, wanaojaribu kujiua. Kila mpango mpya unaotoka serikalini, Canberra, humkuta yeye, kwa sababu yeye ndiye anayeaminika. Uaminifu wake umekuwa kama punda wa kijiji, kila mtu anampakia. Utafiti wa Australia Kusini uliowahoji wahudumu wanaovuta uliwakuta wakieleza msongo wa kazi, misiba inayofuatana nyumbani, na wenzao kazini wanaovuta pia. Baadhi yao walijiona wanafiki wakimshauri mgonjwa, hivyo wakalikwepa somo lenyewe. Ukimpa mtu huyo semina ya siku mbili na mfuko wa vipeperushi, umemwongezea aibu.

Hapa ndipo ninapochukua msimamo. Ninakubali kwamba mhudumu apewe kipaumbele, ila mpangilio wa msaada umekuwa ukianzia mkiani. Tunamfundisha kwanza namna ya kuwasaidia wengine, halafu tukikumbuka tunamuuliza kama yeye mwenyewe angependa kuacha. Aanze yeye, kwa hiari yake: plasta na dawa za nikotini bila malipo, muda wa kazi wa kuhudhuria ushauri, na mshauri asiye bosi wake wala binamu yake. Asipofanikiwa, asinyang'anywe kazi ya kuzungumzia sigara. Aliyejaribu mara nne akashindwa analijua somo kuliko kijana aliyetoka chuoni na hajawahi kushika kiberiti.

Serikali nayo ina yake ya kujibu. Mwaka 2010 ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupambana na uvutaji katika jamii hizi na kumteua Tom Calma, mzee wa jamii za Waaborijini za Wakungarakan na Waiwaidja, kuwa mratibu wake. Timu zikaundwa mikoani, watu wakaajiriwa na kufundishwa. Bajeti ya Mei 2014 ikakata takriban dola milioni 130 za miaka mitano. Mwaka 2018 zikarudishwa dola milioni 183.7 za miaka minne, na mwaka 2023 zikaongezwa milioni 141.2, safari hii sigara za kielektroniki zikijumuishwa. Kwa mtu wa Hazina hayo ni marekebisho ya kawaida. Kwa jamii iliyowahi kuona miradi mingi ikija na kuondoka, mhudumu aliyewaambia mwaka 2013 "niko nanyi" halafu mkataba wake ukaisha amepoteza kitu ambacho milioni za 2018 hazikukirudisha. Tangu marekebisho ya 2015 mkazo wa mpango umeelekea zaidi kwenye kinga na elimu kwa jamii nzima kuliko kukaa na mvutaji mmoja. Naelewa sababu, maana fedha chache hufika kwa watu wengi zaidi. Lakini kijana ambaye hajaanza anahitaji tangazo na jezi ya mpira, na mama wa miaka 50 anayevuta tangu utotoni anahitaji mtu.

Kuna jambo moja linalorukwa katika mipango yote hii. Nyuma ya kliniki nyingi pana sehemu wanapokaa wavutaji: mti, benchi, kopo la vipisi. Pale mhudumu na mgonjwa hukaa sawa, bila meza kati yao, na maneno yasiyosemwa mbele ya daktari husemwa. Mhudumu akiacha sigara, anaacha na mahali hapo. Mpango wowote unaotaka aache ungefanya vyema kulipia chai, viti viwili na nusu saa ya kazi, chini ya mti mwingine.