Ikama ya dereva Saudia: kafili ndiye anayehuisha, dereva ndiye anayebeba adhabu

Dereva kutoka Kenya, Uganda au Tanzania anayefanya kazi Saudi Arabia hawezi kuhuisha ikama yake, yaani kibali cha ukaazi, yeye mwenyewe, hata awe na pesa mkononi. Kama yuko kwenye kampuni, kampuni ndiyo inayolipia kibali cha kazi kupitia Qiwa, mfumo wa serikali wa mambo ya kazi mtandaoni, kisha inaongeza muda wa ikama. Kama ni dereva wa nyumbani, kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, anaingia kwenye akaunti yake ya Absher, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, na kumaliza kazi huko. Dereva naye anaweza kuingia Absher akaona tarehe ya mwisho inavyokaribia, basi. Kadi aliyonayo mfukoni hudumu miaka 5, lakini uhai wa ikama uko kwenye mfumo, na mlango wa mfumo anao mwajiri.

Kuna hoja nzito za kuutetea utaratibu huu. Nimezipima na bado naona hazitoshi.

Mwajiri mara nyingi analaumiwa bila mtu kuhesabu anacholipa. Mwaka 2018 serikali ilianza kupandisha tozo ya wafanyakazi wageni, na kufikia 2020 kampuni yenye wageni wengi kuliko Wasaudi ilikuwa inalipa riali 800 kwa mwezi kwa kila mgeni. Hiyo ni 9,600 kwa mwaka. Ongeza riali 100 za kibali cha kazi, 650 za ikama, na bima ya afya. Kampuni ya usafirishaji yenye madereva 10 inatoa zaidi ya riali 100,000 kabla hata lori moja halijatiwa mafuta. Mwenye kampuni akikuambia biashara imelala na anasubiri malipo ya mteja, huenda anasema kweli.

Pia ni yeye aliyemleta dereva. Alilipia viza na wakala, na akajiandikisha serikalini kuwa huyu mtu yuko chini ya dhamana yake. Ikiwa dereva ataweza kujihuishia ikama na kwenda kuendesha gari kwa mwingine, gharama zile zitakuwa zimemnufaisha jirani. Na serikali yenyewe inataka mtu mmoja wa kuulizwa mambo yanapoharibika. Hilo naliheshimu, kwa sababu pasipo mtu wa kuulizwa, anayeumia kwanza ni mfanyakazi.

Halafu kuna makosa ya madereva wenyewe. Ikama haihuishwi kama pasipoti imekwisha muda, na wapo wanaokumbuka pasipoti zikiwa zimebaki siku chache, wakati safari ya kwenda ubalozini Riyadh inahitaji ruhusa na nafasi ambayo haipatikani kwa usiku mmoja. Kwa hili mwajiri hana kosa, isipokuwa kama yeye ndiye aliyeikalia hiyo pasipoti, jambo ambalo sheria inalikataza na bado linafanyika.

Faini za barabarani ndizo zenye mgogoro mkali zaidi. Zikiwa zimeandikwa kwenye namba ya ikama ya dereva na hazijalipwa, zinazuia kuhuisha. Mfumo unamruhusu mwenye gari kumsajili dereva kuwa mtumiaji halisi wa gari, kwa hiyo kila picha ya kamera za Saher inaangukia kwa dereva. Kuvuka taa nyekundu pekee ni riali 3,000 hadi 6,000, na kwa madereva wengi wa nyumbani huo ni zaidi ya mshahara wa mwezi. Kafili anasema: aliyevuka taa alipe. Ni haki. Lakini madereva nao wanaeleza habari ya mama mwenye nyumba aliyekaa kiti cha nyuma akihimiza "yalla, yalla" kwa sababu mtoto amechelewa shule, au msimamizi wa ghala aliyepanga safari ambazo hakuna anayeweza kuzimaliza kwa mwendo halali. Mwendo uliamriwa na mmoja, faini ikaandikwa kwa mwingine, na mwisho wa mwaka faini hiyo hiyo inatolewa kuwa sababu ya ikama kukwama.

Sasa tazama sheria. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi kinamtwika mwajiri ada za ikama na kibali cha kazi, gharama za kuvihuisha, na faini zinazotokana na kuchelewa. Kampuni inayokata mshahara wa dereva kwa jina la "pesa ya ikama" inavunja sheria. Ikama ikichelewa, faini ni riali 500 mara ya kwanza na 1,000 mara ya pili. Mara ya tatu adhabu ni kumwondoa mgeni nchini. Yaani mwajiri ndiye aliyechelewa, na anayepandishwa ndege ni dereva.

Hata kabla ya kufika huko, ikama iliyokufa inamfungia dereva mambo moja baada ya jingine. Benki inasimamisha akaunti, kwa hiyo mshahara ukiingia hawezi kuutuma nyumbani. Bima haimsaidii tena. Leseni haihuishwi. Hawezi kupata viza ya kutoka na kurudi, hata kama amepigiwa simu kuwa mzazi amefariki. Na kazi yake ni ya barabarani, mahali ambapo askari anaweza kumsimamisha saa yoyote na kuichapa namba yake kwenye kifaa.

Kwa sababu hiyo hoja ya gharama hainishawishi. Tangu 2021 kampuni zinaruhusiwa kulipia vibali kwa miezi mitatu mitatu badala ya mwaka mzima. Na familia ya Kisaudi yenye wafanyakazi wasiozidi 4 haitozwi zile 9,600. Ikama ya dereva wa nyumbani ni riali 600 kwa mwaka. Familia inayomudu gari na dereva haishindwi na riali 600. Inachelewesha kwa uzembe, au kwa kutaka dereva abaki ameinamisha kichwa, asidai mshahara wala likizo, akiogopa kuripotiwa huruub, yaani mtoro.

Mageuzi ya Machi 2021 yaligusa kiini cha tatizo: mfanyakazi wa kampuni ambaye kibali au ikama yake imeachwa ikaisha anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila idhini ya wa kwanza. Dereva wa nyumbani aliachwa nje ya mageuzi hayo, kama anavyoachwa nje ya Sheria ya Kazi yenyewe. Yeye ana kanuni za wafanyakazi wa nyumbani tu, ambazo njia zake za kuhama ni nyembamba na zinahitaji malalamiko.

Mwajiri abaki na gharama, na abaki na dhamana. Kinachotakiwa kubadilika ni kwamba dereva, awe wa lori au wa nyumbani, aweze kuwasilisha ombi la kuhuisha kwenye akaunti yake mwenyewe, na kafili akinyamaza, kuchelewa kuandikwe kwa jina la kafili huku dereva akipewa muda wa kutafuta mwajiri mwingine akaunti yake ya benki ikiwa hai. Kabla hilo halijafika, dereva ahakikishe pasipoti yake ina muda, akague faini zake kila mwezi, na amwandikie mwajiri ujumbe wa simu miezi miwili kabla ya tarehe, kisha auhifadhi. Kesi ikifika ofisi ya kazi, ujumbe huo utaonyesha nani alikumbusha na nani alinyamaza.