Settebello ilitangulia

Makala moja kuhusu treni inasema kwamba Wajapani ndio waliobuni treni ya abiria yenye ukumbi wa kutazamia mandhari katika ncha zote mbili, dereva akiwekwa juu karibu na paa, na dai hilo si sahihi. Settebello ya Italia, treni ya mabehewa 7, ilikuwa ikifanya safari kati ya Milan na Roma tangu mwaka 1953, abiria wakiketi nyuma ya vioo vilivyopinda mbele na nyuma, ilhali Romancecar, treni ya Kijapani, ya kwanza ya namna hiyo ilitoka mwaka 1963. Wala faida ya kuwa na ukumbi katika ncha zote mbili si mandhari pekee: treni nyingi za zamani za Marekani zilikuwa na behewa la kutazamia mandhari mkiani tu, kwa hiyo zikifika kituo cha mwisho ilibidi zigeuzwe, kazi inayokula muda na kudai reli za ziada. Hata hivyo Wajapani wanastahili heshima kubwa kwa kuudumisha mtindo huu hadi leo. Nilipopanda GSE, Romancecar ya siku hizi, kutoka Shinjuku jijini Tokyo kwenda Hakone-Yumoto, dereva alishusha ngazi kutoka darini, akakwea mbele ya macho yetu, akaivuta juu, na mbele yetu ikabaki reli tupu. Je, kuna msomaji aliyewahi kuketi upande wa mkiani?