Wekundu upi, kwenye ngozi yetu?

Jumapili nilienda kumtazama rafiki ya mama aliyelazwa hapa Bukavu, nikakuta ukutani karatasi ya kutambua eskari, yaani vidonda vya kulala bila kugeuzwa, vinavyopangwa hatua ya 1 hadi ya 4 kwa kina chake: "Eskari, hatua ya 1: wekundu usiofifia ukibonyezwa." Nikacheka kicheko kibaya.

Wekundu! Shangazi yangu ni mweusi kama sufuria ya sombe. Mwaka jana kiharusi kilimlaza. Siku ya tano, nikimpangusa, niliona doa juu ya kifandugu, limekolea kuliko ngozi ya pembeni, linaelekea zambarau. Nikaweka mgongo wa mkono: moto. Nikabonyeza: gumu. Nikaita muuguzi. Akainama, akatazama. "Si nyekundu, mama. Ni rangi yake tu."

Rangi yake! Miaka yote hiyo namjua shangazi, kumbe matako yake yalikuwa na rangi ya akiba.

Siku nne baadaye ngozi ilifunguka. Zambarau ile ilikuwa nyama ya chini inayokufa huku ngozi ya juu ingali nzima. Ndipo karatasi za kununua zikaanza: shashi, glavu, seramu ya kuoshea kidonda. Kikaja kigaga cheusi kikafunika kidonda chote; hapo hakuna anayejua kina chake mpaka kitolewe, lakini kwenye faili waliandika "hatua ya 2", yaani kidonda cha juujuu.

Mfupa ukionekana, hata mtoto wa shule atajua ni hatua ya 4. Hatua ya 1 ndiyo inayohitaji macho, na ndiyo pekee inayoponywa kwa kumgeuza mgonjwa tu, bila franka hata moja. Hapohapo tunaambiwa tutafute rangi ya ngozi ya watu wengine.

Haya, nakubali: usiku muuguzi ni mmoja kwa chumba kizima. Anayegeuza ni sisi tunaolinda mgonjwa. Basi si mtufundishe sisi? Tungeacha hata kusugua doa kwa mawese, na ule mpira wa duara wa kumkalishia mgonjwa, unaokaba damu, tungeurudisha kwa watoto.

Nilichukua biki, nikaongeza pale ukutani: "Au doa jeusi zaidi, gumu au teketeke, lenye moto au baridi kuliko pembeni, linalouma." Halafu nikapitisha mkono chini ya visigino vya yule rafiki ya mama. Cha kushoto kilikuwa na moto. Binti yake akakunja kitenge, tukakiweka chini ya shavu la mguu, kisigino kikabaki hewani.