Nimenunua mavi ya kuku pauni 12, nyumbani tunafunika udongo na kabro

Jumamosi nimetoka dukani hapa Leicester na ndoo ya mbolea ya kuku, imekaushwa ikakatwa vidonge vidonge, pauni 12. Piga hesabu, hiyo ni karibu shilingi elfu mbili za Kenya. Mavi ya kuku. Nimefungua kifuniko kwa gari na harufu ikanirudisha moja kwa moja nyuma ya nyumba yetu Utawala, Nairobi, kwa lile banda la mabati Mama alikuwa anafagia kila asubuhi na kumwaga kwa mtaro. Bado nimeshika ndoo, simu inalia, ndugu yangu mdogo ametuma picha. Kompaundi yote imewekwa kabro, yale matofali ya kutandika chini, nyekundu na kijivu, kutoka geti hadi ukuta wa nyuma. Mpapai hakuna, banda hakuna. Ati "ona vile pametoka safi."

Nilikaa hapo kama dakika kumi sijawasha gari.

Najua mtasema nini. Ameenda majuu miaka sita sasa anatufunza kufuga kuku, na matope ya Utawala ameyasahau. Sijasahau, nimetembea kutoka steji na mabuti, viatu vya kazi kwa karatasi mkononi, sihitaji kuelezwa. Sijasema watu waishi kwa matope. Weka kabro pale gari inapita na njia ya kuingia mlangoni, sawa, ingawa ule udongo mweusi wa Utawala unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na kabro ikiwekwa bila kuchimba na kujaza vizuri haikai sana kabla ianze kubonyea, mmeziona. Lakini kwa nini yote? Maji ya paa yanaenda wapi, si yanatoka geti yanaingia kwa jirani, halafu wiki hiyo hiyo tunapanga mitungi. Tumeona mafuriko ya 2024 kwa macho yetu na bado tunaziba kila mahali maji yangeweza kuzama.

Jirani yangu hapa amechora bustani ya pamakalcha, ule mtindo Bill Mollison na David Holmgren walianzisha Australia miaka ya 1970. Mboga za kila siku karibu na mlango wa jikoni, kuku nyuma kidogo, matunda mbali zaidi, kila kitu kinalisha kingine. Nikiangalia mchoro wake naona kompaundi ya Mama. Ila yeye amelazimika kusajili kuku wake watatu serikalini, tangu Oktoba 2024 hapa England hata ukiwa na mmoja lazima, na mabaki ya jikoni hawezi kuwapa, ni kosa kisheria sababu ya magonjwa. Desemba mwanga ni chini ya masaa nane, kuku wanaacha kutaga. Sisi tuko karibu na ikweta, masaa kumi na mbili mwaka mzima, sukuma unakata Januari unakata Julai, na kuku anakula ugali ya jana bila kuuliza mtu. Hiyo ni mali jamani!

"Basi rudi ufuge wewe." Nitarudi. Na sitadanganya ati Mama alikuwa amefanya yote sawa. Kuku walikuwa wanachakura miche yote ya managu, na mwaka ule ugonjwa wa kideri ulipita tulibaki na jogoo na matetea wawili kwa sababu hakuna aliyekumbuka chanjo. Lakini ile mbolea kwa mtaro ndio inaniuma zaidi. Huku nimejifunza unaichanganya na maranda na majani makavu, unageuza, unaiacha miezi kadhaa maana ikiwa mbichi inachoma mimea, halafu unaitia kwa ule udongo mweusi, na udongo unaanza kulegea hadi jembe linaingia. Banda linajengwa bila sakafu, unalisogeza kila siku chache, kuku wanachakura magugu na kuacha mbolea hapo hapo, na mboga ziko nyuma ya wavu. Mbao na wavu tu, haifiki hata robo ya pesa ya kabro.

Mwingine atasema kaunti itasumbua. Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, someni mjue mnaruhusiwa nini. Na watu Kibera wanapanda sukuma kwa magunia mlangoni, wewe uko na ploti ya futi hamsini kwa mia na unaifunika yote ndio mgeni akija aone ulitoka kwa umaskini. Udongo ulikuwa aibu tangu lini?

Nimempigia ndugu yangu usiku. Kuna kona nyuma ya tangi, kama futi kumi kwa ishirini, kabro ziliisha kabla wafike hapo na fundi anarudi Jumamosi. Nimetuma pesa ya wavu na ya vifaranga sita, nikamwambia fundi asije. Ameona meseji. Hajajibu.